Mlio wa Kisu cha Wayua

Kwenye miinuko ile ya juu ya Tawa, ukiulizia kwa Kivuva, watu walikurudishia swali: "Yupi, wa visu?" Kivuva mwenyewe alilipenda swali hilo mno. Kulikuwa na akina Kivuva wengine wawili huko, mmoja mwendesha bodaboda na mwingine mwalimu, lakini hao ilibidi mtu aeleze maboma yao yako upande gani. Yeye alijulikana kwa kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza visu vya kukunja, vile vya kuweka mfukoni, kimoja kimoja, kwa kuagizwa. Aliianza alipokuwa fundi wa kuchomelea malori Mtito Andei. Dereva mmoja alimletea kisu cha kizungu kilichokatika springi, akamwambia, "Kikikushinda, tupa." Hakikumshinda. Alikifungua, akakichungulia ndani siku tatu, na tangu hapo kuchomelea kukawa hakumpi raha tena. Aliporudi nyumbani alijenga kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, akaweka meza nzito, vaisi ya kubania vyuma, grinda, drili, na jiko la makaa lililopulizwa na feni ya gari bovu. Ukija kuagiza kisu, aliushika mkono wako kama daktari, akapima kiganja kwa uzi, akakuuliza unakata nini: kamba, ngozi, miraa au maembe. Kisha akakwambia urudi baada ya wiki tatu.

Ubapa aliukata kwenye springi kuukuu za malori. Aliupasha moto mpaka ukawa mwekundu na sumaku ikakataa kuushika, akauzamisha kwenye oili, halafu akaurudisha kwenye joto dogo mpaka ukageuka rangi ya majani makavu. Mpini ulikuwa wa mti wa mukau au pembe ya ng'ombe. Mwisho wa yote alipiga chapa yake kwenye ubapa, herufi K ndani ya duara. Chapa hiyo aliihifadhi ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo, na kopo juu ya rafu.

Mkewe, Wayua, alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa barazani, na kwa miaka ishirini alishona sare za shule na kanzu za kwaya ya kanisa lao. Cherehani ikikorofisha, aliifungua mwenyewe, akatandaza vyuma vyake kwenye gunia, akavirudisha kimoja kimoja. Kivuva hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Kibanda kilikuwa chake, baraza lilikuwa la mkewe, na kila mmoja alimwita mwenzake kwa jina la binti yao, Nduku, ambaye alikuwa ameolewa Machakos.

Mwezi wa kumi mwaka juzi, mvua ikinukia, Kivuva alipanda ngazi kusafisha gata la paa ili maji ya kwanza yaingie tangini yakiwa safi. Ngazi iliteleza. Aliuangukia mkono wa kulia, akarudi kutoka hospitali na plasta kutoka vidoleni hadi kiwiko. Daktari alisema wiki sita.

Kibandani kulikuwa na oda ya Mzee Mbaluka wa Kikima, mwenye kitalu cha miche ya maembe. Mbaluka alitaka visu viwili vya kupandikizia, vyembamba, vinavyokunjika vizuri visije vikamkata mfukoni akipanda na kushuka mashamba yale. Kimoja kilikuwa kimekwisha. Cha pili kilikuwa bado vipande vipande: ubapa umeshapita motoni, springi imekatwa, mpini haujafungwa. Na watu wa miche hungoja mvua hizo hizo.

"Niambie cha kufanya, nikufanyie," Wayua alisema.

Kivuva alicheka. "Hii si kushona, Mama Nduku."

"Najua si kushona. Wewe niambie tu."

Basi Kivuva alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, plasta yake mapajani, akawa anaamuru. Sukuma tupa, usiivute. Mbele, mbele tu! Usibane hivyo, utapasua mpini! Wayua alisukuma tupa mbele, na kila baada ya dakika mbili aliuliza swali. Mbona springi inauegemea ubapa hapa na si hapa? Nikitoa kidogo huku, kule kutakuwaje? Mengine Kivuva aliyajibu. Mengine aligundua kwamba hajawahi kujiuliza, na hilo lilimkera kama kijiwe ndani ya kiatu.

Jumanne moja alikwenda hospitali plasta ikaangaliwe. Foleni ilikuwa ndefu, akarudi saa tisa na njaa yake. Alikuta kisu mezani, kimefungwa, kimekamilika.

"Jaribu," Wayua alisema.

Alikifungua kwa mkono wa kushoto. Ubapa ulitembea kama uko kwenye samli, ukafika nusu ya njia, kisha ukajinyoosha wenyewe: ta! Alikikunja. Ta! Alikitazama mgongoni. Springi ilikuwa imelala sawa na mpini, hakuna pa kupitisha hata unywele. Visu vyake yeye vilisema kra, na mgongoni viliacha upenyo mwembamba kama ukucha, ambao aliwaambia wateja kuwa ndiyo pumzi ya kisu.

"Si mbaya," alisema.

"Si mbaya?"

"Kwa mara ya kwanza, si mbaya."

Wayua alijifuta mikono kwenye leso, akaenda kuangalia maharagwe yake jikoni. Kivuva alibaki akikifungua na kukikunja. Kitu kilimwingia moyoni. Hakikuwa hasira, maana hakuna aliyemkosea. Kilikuwa kijiba cha roho, na alikijua, kwa sababu miaka ya nyuma aliwahi kukihisi kwa fundi mwenzake kule barabarani. Kukihisi kwa mama wa mtoto wake, mtu anayelala naye kitanda kimoja, hilo hakulitegemea. Alingoja mpaka akamsikia Wayua uani akiita kuku. Akashusha kopo, akatoa soksi, akatoa chapa, akaipiga kwa mkono wa kushoto. Ile K ilikaa upande.

Mbaluka alikuja na pikipiki, akavichukua visu vyote viwili. Haikupita wiki mbili akarudi. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, mwenye kofia ya sweta hata kukiwa na jua.

"Fundi," alisema, "hivi visu ulivitengeneza siku moja?"

"Kwa nini, mzee?"

"Nimekuwa nikinunua visu vyako miaka mitano, sijalalamika. Lakini hiki..." Alikitoa kile cha K ya upande. "Hiki ni kitu kingine. Nakikunja kwa kidole kimoja, mkono wa pili umeshika mche. Vijana wa kitaluni wanakigombania. Ulikifanya nini?"

Wayua alikuwa ametoka na maji ya mgeni, amesimama mlangoni. Kivuva hakugeuka, lakini alijua yuko pale.

"Ni uzoefu, mzee," alisema. "Mtu akifanya kazi muda mrefu, mkono unajifunza wenyewe."

Wayua aliweka jagi mezani, akarudi ndani. Mbaluka aliagiza visu sita kwa ajili ya kikundi chao cha wakulima wa maembe. "Vyote viwe kama hiki," alisisitiza. "Si kama kile kingine."

Pikipiki ilipopotelea kwenye kona, Wayua alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Mkono upi, Baba Nduku?" aliuliza. "Ule ulio kwenye plasta?"

Kivuva alikwenda kuwaangalia mbuzi, ambao walikuwa wamefungwa vizuri tangu asubuhi.

Plasta ilipotolewa, kitu cha kwanza alichonunua ni kufuli. Alisema Tawa kumeingia wezi wa vifaa. Ufunguo aliutia kamba, akauvaa shingoni ndani ya shati. Wayua alilitazama kufuli lile jinsi mtu anavyotazama bei ya kitu asichokusudia kununua, akaendelea na shughuli zake.

Kisu cha kwanza kati ya vile sita kilisema kra. Alipunguza springi ya cha pili, na ubapa ukawa unapepea kama mlango usio na komeo. Cha tatu alikiwekea springi nene, akavunja ukucha akijaribu kukifungua. Cha nne kilipasuka mpini. Kila kilichomshinda alikitupa nyuma ya kibanda kwenye nyasi, akaanza upya, na kila alipoanza alikisikia kichwani kile kinachosema ta, kama jirani anayecheka nyuma ya ua.

Kisha akaanza kusikia kitu kwa masikio hasa. Alizima grinda, akasikiliza. Kulikuwa na sauti ndogo ya tupa ikitoka barazani. Alichungulia. Wayua alikuwa amejinunulia tupa yake sokoni, na alikuwa amekibana kipande cha chuma kwenye meza ya cherehani kwa vibao viwili na kamba. Kivuva alikitambua kile chuma. Kilikuwa ubapa wake, ule uliokuwa ukipepea, ambao Wayua aliuokota nyasini.

Alipokikamilisha kisu hicho, Wayua alimpa wifi yake, Mwongeli, awe anamenyea maembe. Jumapili, ibada ilipokwisha, Mwongeli alikitoa kwenye mkoba mbele ya kina mama waliokuwa wakisubiri chai. Ta! Ta! Kina mama wakapiga vigelegele kwa mzaha. Mchungaji akakiomba, akakikunja na kukikunjua mara nne, akacheka kama mtoto.

"Kivuva, hongera!" alisema kwa sauti. "Umemfundisha vizuri!"

"Eeh, tunajaribu," Kivuva alijibu, akacheka kwa meno tu.

Akamtazama mkewe. Wayua hakuwa akijigamba. Alikuwa amesimama na kikombe chake, ameinamisha kichwa kidogo, na usoni alikuwa na furaha ambayo Kivuva aliitambua barabara, kwa sababu ilikuwa yake. Ndiyo ile aliyokuwa nayo yeye kila mtu alipouliza, "Yupi, wa visu?" Alihisi kana kwamba ameingiliwa nyumbani na akaibiwa huku akiangalia. Hata watu walipoimba wimbo mmoja baada ya chai, sauti ya Wayua aliiona kubwa kupita kiasi.

Jumatatu asubuhi alipanda hadi Kikima, akamwomba Mbaluka amwazime kile kisu achukue vipimo.

"Siku tatu tu," Mbaluka alisema, akikitoa mfukoni kama anayetoa jino. "Alhamisi nakifuata."

Kivuva alijifungia kibandani, akatoboa misumari ya mpini kwa drili, akakifungua kisu. Ndani alikuta washa mbili za shaba, vile vibati vya duara vyenye tundu, zimefuliwa nyembamba kama karatasi, moja kila upande wa ubapa. Hilo alilielewa. Lakini kwenye kisigino cha ubapa, pale panapogusana na springi, kulikuwa na weusi mwepesi. Akadhani ni uchafu tu. Akausafisha kwa petroli mpaka chuma kikang'aa. Akapima kila kitu, akaandika kwenye ubao, akagusa kisigino kwa tupa mara mbili kukinyoosha, akakirudisha kisu.

Kra.

Akakifungua tena. Alipokirudisha mara ya pili, ubapa uligoma kufunga. Mara ya tatu ulifunga ukagoma kufunguka. Jumanne ikaisha, Jumatano ikaisha, na Alhamisi saa sita mchana, pikipiki ya Mbaluka ilipoingia uani, kisu kilikuwa kimelala mezani vipande saba. Kivuva alitoka haraka, akafunga kufuli nyuma yake.

"Kisu changu?" Mbaluka aliuliza, hata kabla ya kuvua kofia.

Wakati huo huo Wayua alikuwa anatoka jikoni na sufuria ya chai ikifuka moshi, vikombe vimening'inia vidoleni. Kivuva alimwona, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Mzee, samahani sana. Ni huyu Mama Nduku. Alikifungua akitaka kujifunza. Unajua wanawake wakishika kitu. Sasa kimemshinda kurudisha."

Wayua alisimama. Chai ilicheza ndani ya sufuria. Alimtazama mumewe kwa muda usiotosha hata kupumua mara mbili, kisha akamgeukia mgeni.

"Mzee, karibu chai. Kisu kiko wapi?"

"Kiko humo ndani," Kivuva alisema.

"Basi fungua mlango, Baba Nduku."

Ndipo Kivuva alipolazimika kufungua kifungo cha shati, kuvuta kamba, na kuutoa ufunguo shingoni mwake mbele ya mgeni. Mbaluka aliutazama ufunguo, akamtazama Wayua, akatazama chini.  

Wayua aliingia, akaweka sufuria ukingoni mwa meza, akakaa juu ya ile ndoo. Alivipanga vile vipande kama anavyopanga vyuma vya cherehani. Akapitisha kidole chini ya sufuria, kikatoka na masizi, akayapaka kwenye kisigino cha ubapa. Akachomeka msumari wa muda, akaukunja ubapa na kuukunjua mara tatu, akautoa, akaupeleka penye mwanga. Pale palipobanana, masizi yalikuwa yamefutika. Akapitisha tupa hapo, mara moja tu, taratibu. Akapaka tena.

Kivuva alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda chake kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Ule weusi! Aliuosha kwa mikono yake mwenyewe, kwa petroli, akajiona msafi.

Mbaluka alikunywa chai akiwa amesimama. Kikombe cha pili kilikuwa hakijapoa Wayua alipogonga msumari wa mwisho, akamkabidhi kisu. Ta! Mzee alikikunja, akaitazama ile K iliyokaa upande, halafu akakitazama kidole cheusi cha Wayua.

"Mama Nduku," alisema, "vile visu vyangu sita..."

"Oda ni ya Baba Nduku," Wayua alimkata, kwa adabu. "Yeye ndiye aliyekuahidi."

Mgeni alipoondoka, Kivuva alingoja makelele. Hayakuja. Wayua alikuwa anaosha vikombe kwenye karai, amempa mgongo.

"Ile ya masizi," Kivuva alisema hatimaye, "uliijuaje?"

"Nikitaka kujua cherehani inakwaruza wapi, ndivyo ninavyofanya. Ungeniuliza ile Jumanne uliyotoka hospitali, ningekuonyesha hata kabla hujakaa." Alikung'uta kikombe. "Hilo ni dogo. La chapa pia nililiona, nikanyamaza. Lakini kusimama mbele ya mtu useme nimeharibu mimi, hilo sijui nitaliweka wapi, Baba Nduku."

Kuanzia siku iliyofuata, Wayua alihamishia cherehani kwa Mwongeli. Alisema ana kanzu za kwaya za kumaliza na huko kuna nafasi. Aliondoka asubuhi, akarudi jioni, akapika, akauliza habari za mbuzi. Kivuva alilitoa kufuli mlangoni. Hakuna aliyeingia. Aliutazama mlango ule ulio wazi siku tatu, akagundua kuwa alichokuwa akikichukia zaidi si ule mlio, bali kwamba ungeweza kutokea mahali ambapo yeye hayupo.

Siku ya nne alipanda Kikima. Mbaluka alikuwa amechuchumaa kitaluni akifunga mche kwa utepe wa plastiki.

"Mzee, kile kisu ni kazi ya mke wangu. Tangu mwanzo ni yeye. Mimi nilipiga chapa tu. Na kukiharibu nilikiharibu mimi."

Mbaluka hakuacha kufunga. "Hilo ulishaniambia," alisema, "ulipotoa ufunguo shingoni. Umemwambia yeye?"

Alimwambia jioni ile, wakiwa wanakamua mbuzi, bila kujitetea, ingawa kujitetea kulimjia mdomoni mara mbili. Wayua alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa." Zikapita siku nyingine tisa kabla hajaingia kibandani, asubuhi moja, na kiti chake na tupa yake.

"Wewe fanya moto," alisema. "Mimi nitaunganisha. Na nimeagiza chapa yangu kwa fundi wa Tawa. Yako usiipige peke yake kwenye kazi yangu tena."

Visu sita vilifika Kikima mwezi wa tatu, kila kimoja na K upande mmoja na W upande wa pili, zote zimesimama wima. Maagizo yaliongezeka. Sasa watu wa miinuko ile wakiulizia, huuliza kwa Mama Nduku wa visu, na mwenye kujibu mara nyingi ni Kivuva, kwa kuwa yeye ndiye aliye karibu na lango.

Haikumtoka yote. Mgeni akiingia na kusema, "Mama yupo?" kile kijiba bado humrudia, na huwasha grinda hata kama hana cha kunoa. Wayua alipojaribu mwenyewe kuzamisha ubapa kwenye oili na ukatoka umejipinda kama ndizi, Kivuva alimsaidia kuunyoosha, akamfariji kwa maneno mazuri, kisha akaenda nyuma ya choo akatabasamu peke yake mpaka akaona haya.

Mwezi uliopita, siku ya soko, alikuwa amesimama kando ya kina mama wa vitunguu akimenya chungwa kwa kisu cha kukunja. Mwanamume mmoja asiyemjua, mnunuzi wa mbuzi kutoka upande wa Kitui, alikikodolea macho kile kisu.

"Mzee, hicho umekipata wapi?"

"Ni cha mke wangu. Ndiye fundi."

"Aisee! Ana mkono huyo mama."

"Anao," Kivuva alisema. Akaenda zake hatua kama tano, akasimama, akarudi. "Lakini moto ni wangu," alimwambia yule mtu. "Hicho chuma kukipika ni mimi."

"Sawa, mzee," alisema mnunuzi, akaendelea kubishania bei ya beberu.